Umebadili matairi, springi na stabilaiza, gari sasa linakataa kona: anzia wapi?

Mkuu, nikikusoma vizuri hali ni hii: gari linavuta kwa mbele, umetoka matairi ya 205/55R16 ukaenda 225/45R17 (mapana zaidi, ukuta mfupi zaidi), matairi mapya yapo mbele na nyuma kuna yaliyotumika, springi fupi zimelishusha milimita 40, na stabilaiza ya nyuma (chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana kwenye kona) imetoka kipenyo cha milimita 20 hadi 24. Kwenye kona kali pakavu pua inatoka nje. Kwenye kona ya kasi mvua ikinyesha, nyuma inachomoka. Unauliza kama ufunge stabilaiza nene na mbele. Usifunge. Hapo kuna magonjwa mawili, na dawa hiyo haitibu hata moja.

Anza na la mvua maana ndilo linaloua. Tairi jipya la gari dogo lina mitaro ya kina cha milimita 8 hivi, na nchi nyingi zinakataza kushuka chini ya 1.6. Kashata (vinundu vya mpira kati ya mitaro hiyo) zikishaisha, maji hayana pa kupita, tairi linaelea. Tena tairi pana huelea mapema kuliko jembamba. Matairi mazuri yanakaa nyuma hata kama gari linavuta kwa mbele. Mbele ikiteleza, usukani unakuambia, unapunguza mafuta, uzito unarudi mbele na matairi yanashika tena. Nyuma ikiteleza, kuachia mafuta ghafla kunaiondolea uzito zaidi, na gari linageuka kabla hujajua kimetokea nini. Kwa hiyo leo hii hamisha mapya nyuma. Kama yana mshale wa mwelekeo, yabaki upande uleule.

Stabilaiza ya nyuma imeongeza tatizo hilo kuliko unavyodhani. Ugumu wa chuma kile, kikiwa kimejaa ndani na umbo halijabadilika, hupanda kwa kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne. Kutoka 20 hadi 24 umepata ugumu zaidi ya mara mbili. Kutoka 20 hadi 22 ungepata ongezeko la asilimia 46 tu.

Sasa kwa nini ugumu unapunguza mshiko? Chukua gari la kilo 1,200, kitovu cha uzito kiko sentimita 55 kutoka chini, upana kati ya matairi ni mita 1.5, na linakata kona kwa nguvu ya asilimia 70 ya uzito wake. Kilo kama 308 zinahama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje. Ukilishusha milimita 40 zinakuwa kama 286. Springi ngumu haipunguzi kilo hizo, wala stabilaiza haipunguzi. Vinachoamua ni mbele ibebe kiasi gani na nyuma kiasi gani. Na tairi likiongezewa uzito mara mbili, mshiko wake hauongezeki mara mbili. Jozi ambayo tairi la nje limeelemewa na la ndani limebaki jepesi hushika kidogo kuliko jozi iliyogawana sawa. Ndiyo maana upande uliokazwa zaidi, mbele au nyuma, ndio unaopoteza mshiko.

Hapo utauliza: kama nyuma ndiyo imekazwa, mbona pakavu ni mbele inayokataa? Kagua vitu vitatu.

Kwanza, mkono wa chini wa sasipensheni ya mbele. Kwenye gari la MacPherson (springi na shokapu vikiwa nguzo moja), ncha ya upande wa tairi ikiwa juu kuliko ncha ya upande wa bodi, gari likilala kwenye kona tairi la nje linalala nalo na kukanyagia bega, yaani ukingo wake wa nje. Boliti za kemba (kemba ni tairi kulala ndani au nje ukilitazama kwa mbele) zinakurudishia digrii moja hivi. Kwa gari la barabarani lenga kemba ya digrii hasi 1.5 mbele, yaani juu ya tairi kumelala ndani. Hali ikiwa mbaya sana, boljointi (viungo vya mkono na gurudumu) ndefu zinazorudisha pembe ya mkono ni bora kuliko kurundika kemba. (Kuna gari la aina hii ambalo stabilaiza nene ya mbele husaidia kweli, kwa kuwa inazuia kulala na tairi linabaki limesimama. Lakini hiyo ni baada ya kurekebisha pembe.)

Pili, raba zinazozuia shokapu isifike mwisho. Funga kamba ndogo ya plastiki kwenye mti wa shokapu, endesha, kisha angalia imesukumwa hadi wapi. Kama raba inafikiwa katikati ya kona, ugumu unapanda ghafla na mbele inaachia palepale. Kuikata raba fupi bila kubadili shokapu ni kuiua shokapu. Tafuta shokapu zenye mwendo unaolingana na springi fupi.

Tatu, tairi la nyuma la ndani. Stabilaiza yako ikilinyanyua hewani, nyuma imeshahamisha uzito wote iliokuwa nao, na kinachozidi kinabebwa na mbele. Kuanzia hapo, kuongeza ugumu wa nyuma hakusaidii kitu.

Alaimenti (kupanga pembe za matairi) ni lazima, kwa sababu kushusha gari kunabadili tou, yaani matairi kuelekea ndani au nje ukiyatazama kwa juu. Mbele weka sifuri. Nyuma matairi yaelekee ndani kidogo, jumla milimita 2 hivi. Yakielekea nje, hata kidogo, gari halitabiriki. Kabla ya alaimenti legeza boliti za bushi za raba za mikono ya sasipensheni, ukaze tena gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, raba inakaa imejipinda na kuchanika mapema.

Upepo pima matairi yakiwa baridi, uanze na namba ya kwenye kibandiko cha mlangoni, ubadili psi 2 kwa ekseli moja tu (mbele au nyuma) kila mara. Ukuta wa tairi umeshuka kutoka milimita 113 hadi 101, kwa hiyo usukani utajibu upesi zaidi, ila dalili za kuachia zitakuja zimechelewa.

Jaribu kwenye uwanja mpana uliofungwa, kwenye duara la mwendo usiobadilika, kitu kimoja kwa wakati. Kasoro ikitokea wakati wa kuingia tu, tazama tou na shokapu. Ikidumu katikati, ni matairi, kemba, springi au stabilaiza. Shokapu hazibadilishi mgawanyo wa uzito gari likishatulia kwenye kona, kwa hiyo usizilaumu kwa hilo. Ukimaliza yote haya na mvua bado inatoa nyuma, rudisha stabilaiza ya milimita 20, au tafuta ya 22.