Mpini mfupi wa nyundo ya Thor: kwa wanaoanza kuchora miungu

Kabla hujashika penseli, jiulize kwa nini mpini wa nyundo ya Thor, mungu wa ngurumo wa Skandinavia ya kale, ni mfupi. Mimi nilimchora miaka mitatu bila kujiuliza. Niliuona mfupi kwenye katuni za Marvel, kampuni ya Marekani, nami nikaufuata hivyo hivyo. Jibu limo katika Edda, kitabu cha visa vya miungu hao cha Snorri Sturluson, kilichoandikwa Iceland kwenye miaka ya 1220. Loki, mjanja wa miungu, aliweka kichwa chake rehani, akidai mbilikimo Brokk na nduguye hawataweza kufua vitu vya kuwashinda wahunzi wenzao. Alipoona anaelekea kushindwa akajigeuza nzi, akamng'ata Brokk kwenye kope mpaka damu ikamziba macho. Brokk akauachia mvukuto kidogo tu, amfukuze nzi. Basi mpini ukatoka mfupi.

Silaha kuu ya miungu, na ina kasoro ya kiwandani kwa sababu ya nzi! Ukishakijua kisa hicho, hata mkono unaoishika nyundo utauchora tofauti.

Kwa hiyo anza na Edda, ndipo uje kwenye katuni. Na ukifika kwenye katuni, soma za mwanzo hata kama zitakuchekesha. Thor wa Marvel alitoka kwanza katika toleo la 83 la Journey into Mystery, la Agosti 1962: Stan Lee na hadithi, mdogo wake Larry Lieber na maneno, Jack Kirby na michoro. Daktari mchechemeaji, Donald Blake, yuko Norway mapumzikoni. Anakimbilia pangoni, anakuta fimbo, anaipiga kwenye jabali kwa hasira, anageuka Thor. Na anaopigana nao ni watu wa mawe kutoka sayari ya Zohali. Loki hayumo kabisa, alikuja toleo la 85. Visa vya kale vyenyewe vilipata nafasi mwaka 1963, kuanzia toleo la 97, katika kurasa tano tu za nyuma zilizoitwa Tales of Asgard. Kwa macho yangu, humo ndimo Kirby alimojiachia. Siku ukipewa kurasa tano za nyuma usinung'unike.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa mtu angeniambia mapema. Katika Edda hakuna sharti kwamba nyundo huinuliwa na anayestahili peke yake. Sharti hilo ni la Marvel, limechorwa kwenye nyundo tangu lile toleo la kwanza. Linavutia, lakini angalia limefunga mlango gani. Katika shairi moja la kale, jitu Thrym anaiiba nyundo Thor akiwa usingizini, anaifukia chini kabisa ardhini, anadai aozwe mungu wa kike Freyja ndipo airudishe. Thor anavishwa nguo za bibi harusi. Karamuni bibi harusi anamaliza ng'ombe mzima na samoni wanane, anashushia kwa mapipa matatu ya pombe ya asali, na Loki, kavaa kama mjakazi, anaeleza kwamba bibi hajala siku nane kwa hamu ya kuolewa. Ni kisa cha kuchekesha kuliko vyote nilivyowahi kusoma vya miungu. Ukishaandika kwamba asiyestahili hawezi kuiinua nyundo, Thrym hawezi tena kuiiba, na harusi imekufa.

Sharti hilo hilo lakini lilifungua mlango mwingine. Novemba 1983, katika toleo la 337 la jarida lile lile, wakati huo likiitwa Thor, mwandishi na mchoraji Walt Simonson alimleta Beta Ray Bill, kiumbe wa kutisha mwenye uso kama wa farasi, akainyanyua nyundo. Msomaji aliyelifuata jarida kwa miaka 20 akabaki mdomo wazi. Kila unapomwongezea shujaa kanuni, iandike pembeni, na chini yake visa vya kale ambavyo havitawezekana tena. Mimi nina daftari la kazi hiyo tu.

Kuhusu lugha nitasema kifupi kwa sababu bado inaniuma. Thor wa Lee alikuja kuongea Kiingereza cha zamani, nami nikaona langu litakuwa Kiswahili cha tenzi. Kila kiputo kikawa na vina. Mhariri aliyepokea kurasa zile akaniandikia: "Mzee, huyu mungu wako anaomba maji kana kwamba anahutubia siku ya Uhuru." Siku hizi lugha nzito namwachia Odin, baba yake Thor. Wengine wanaongea kama watu walio dikoni wakigombea bei ya samaki.

Na haki za watu: Donald Blake, Volstagg rafiki yake Thor, kofia ile yenye mabawa, hivyo ni mali ya Marvel. Thor mwenye ndevu nyekundu, anayevutwa na mbuzi wawili ambao anawachinja jioni na kuwafufua asubuhi, hana mwenyewe. Mchora katuni Peter Madsen na wenzake wa Denmark walimchukua huyo, na albamu ya kwanza ya katuni yao, Valhalla, ilitoka 1979. Itafute uone jinsi mbuzi wanavyochorwa.

Nimalizie na uvuvi. Thor alikwenda baharini na jitu Hymir, chambo chake kichwa cha fahali. Joka linaloizunguka dunia likanasa ndoanani. Thor akavuta mpaka miguu ikatoboa chombo, akasimama juu ya sakafu ya bahari. Hymir, kapauka kwa hofu, akaukata mshipi. Huko Altuna, Uswidi, kuna jiwe la karne ya 11 lenye kisa hiki: nyundo juu, mshipi wima, joka chini, na mguu umetokeza chini ya chombo. Hymir hayumo, jiwe ni jembamba. Simonson alipopambanisha Thor na joka hilo katika toleo la 380, mwaka 1987, alifanya kinyume, akatandaza picha moja moja kwa ukurasa mzima, na Sal Buscema akatia wino.

Wanafunzi wangu nawapa kisa hicho na kipande cha karatasi chenye upana wa vidole vinne. Wengi wanamtoa Hymir, kama fundi wa Altuna. Mwaka jana binti mmoja, mtoto wa mvuvi, alimtoa Thor. Alichora mguu umechomoza chini ya ngalawa, na juu kabisa, mkono unaotetemeka wenye kisu cha kukatia chambo, kikiwa hakijaugusa mshipi. Nimekibandika ukutani juu ya meza yangu.