Toyota IST inamisi ikiwa sailensi, Tabora

Mkuu, umesema gari inamisi, yaani inatetemeka ikiwa sailensi (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), ukipiga resi inatulia, na fundi hapo Tabora anataka koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi) zote nne mpya. Usitoe hela bado. Injini hiyo kila plagi ina koili yake. Zima, chomoa soketi ya koili moja, washa, sikiliza. Irudishe, kisha rudia kwa kila moja. Ambayo ukiichomoa mlio haubadiliki, silinda yake ndiyo mgonjwa. Hamishia koili hiyo silinda ya jirani: ubovu ukihama nayo, nunua moja tu. Ubovu usipohama, kagua plagi (ukikuta oili kwenye shimo lake, sili za kava ya juu zimechoka), kisha nozeli inayopuliza mafuta.

Ila hilo la kutulia kwenye resi linanifanya nishuku zaidi mpira wa hewa uliopasuka karibu na manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda). Anzia hapo, kuukagua ni bure.