Maswali ya Wasomaji: Vishikwambi na Masomo ya Watoto

SWALI: Ndugu Mhariri, shule ninayofundisha imeahidiwa vishikwambi kwa ajili ya madarasa ya chini. Baadhi ya wajumbe wa kamati wanataka fedha za vitabu zipunguzwe, kwa kuwa vitabu vyote vitahifadhiwa humo. Intaneti yetu nayo ni ya kubahatisha. Je, pendekezo hilo lina busara?
– Mwalimu wa darasa la pili

JIBU: Ndugu Mwalimu, vishikwambi vipokeeni, lakini fedha za vitabu msiziguse. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, ambao ulikusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, ulionyesha kuwa wasomaji huelewa zaidi matini iliyo kwenye karatasi kuliko iliyo kwenye skrini, hasa matini ya maarifa na hasa muda wa kusoma unapokuwa mfupi. Kwa hadithi, tofauti hiyo haikuonekana. Pengo lenyewe si kubwa; hata hivyo, sioni sababu ya shule kulipia kifaa ili kisomewe kurasa zilezile ambazo kitabu kinazibeba vizuri zaidi bila kuhitaji chaja.

Kishikwambi kina kazi zake ambazo kitabu hakiziwezi: kumtamkia mtoto sauti ya herufi mara nyingi kadiri apendavyo bila kuchoka, kumwambia papo hapo kwamba jibu lake si sahihi na kumpa zoezi jepesi zaidi, au kurekodi usomaji wake ili mwalimu mwenye darasa kubwa ausikilize baadaye. Ushahidi mmojawapo unatokana na shindano la Global Learning XPRIZE lililohitimishwa mwaka 2019, ambapo programu tano zilijaribiwa kwa miezi 15 na watoto karibu 2,700 katika vijiji vya mkoa wa Tanga, kwa Kiswahili na bila kutegemea intaneti. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na mwishoni idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa takriban nusu. Ni mafanikio ya kweli, ingawa waliosifu matokeo hayo hawakuitaja sana nusu ile nyingine, na mimi naona hapo ndipo mwalimu anapohitajika. Programu zilizofika fainali, zikiwamo Kitkit School na onebillion zilizogawana ushindi, ziliwekwa wazi ili yeyote azitumie bure.

Linganisha na Peru, ambako kompyuta ndogo za mpakato ziligawiwa kwa wingi katika shule za msingi za vijijini, na utafiti uliotolewa mwaka 2012 haukuona mabadiliko katika alama za hisabati wala za lugha. Watoto walikuwa na mashine, lakini hapakuwa na mpango ulioonyesha zoezi lipi liende na mada ipi ya mtaala. Kwa hiyo, kabla ya kamati kuuliza idadi ya vifaa, iulize ni mada zipi zitafundishwa kwavyo na ni nani atawafunza walimu.

Kuhusu intaneti, msihofu. Programu kama Kolibri na Kiwix hupakuliwa pamoja na maudhui yake mara moja tu, mahali penye mtandao mzuri, kisha kompyuta moja hugeuzwa kuwa seva inayovihudumia vishikwambi vyote vya darasa kwa Wi-Fi ya ndani. Jambo linalosumbua zaidi ni umeme: panga nani anachaji, wapi na saa ngapi, na usiruhusu vifaa viachwe juani, kwa kuwa joto huharibu betri za lithiamu upesi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu ana miaka mitatu na tumempa kishikwambi chenye michezo ya herufi. Je, saa ngapi kwa siku zinafaa, na macho yake yatadhurika?
– Mama wa mtoto mmoja

JIBU: Mama, mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 unasema mtoto wa umri huo asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ni bora zaidi. Keti naye, mtaje herufi pamoja. Kwa macho, mzoeshe kuinua kichwa kila baada ya dakika 20 na kutazama kitu kilicho mbali, yapata mita sita, kwa sekunde 20, na apate muda wa kutosha wa kucheza nje.

SWALI: Binti yangu yuko sekondari. Nimnunulie kishikwambi au kompyuta ya mpakato?
– Baba mwenye bajeti ndogo

JIBU: Ikiwa anaandika insha ndefu au anajifunza kuandika programu, mnunulie kompyuta ya mpakato, hata iliyokwisha kutumika, maadamu betri yake ni nzima. Ikiwa anahitaji zaidi kutazama masomo ya video, kufanya mazoezi na kuchora vielelezo vya sayansi, kishikwambi kitamtosha, nawe ongeza kibodi ya kuunganisha fedha zitakaporuhusu.