Jibu: Sauti ya adhana imekuwa nyembamba na inakwaruza

Shehe acha. Acha leo hii hii. Unasema una miaka 61, sauti imepanda na inakwaruza toka kabla ya Idi, na jamaa zako hapo Arua wanakwambia ukaze koo kila alfajiri mpaka ifunguke. Haifunguki! Mimi nilikuwa mwalimu wa kwata jeshini, nilikuwa nasimamisha makuruta walio upande wa pili wa uwanja, leo nina kasauti ka kuulizia bei ya nyanya.

Uzee wenyewe si ugonjwa. Nyuzi za sauti ndani ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti hapo kooni, ni msuli uliofunikwa na utando laini, umri ukienda msuli unakonda na ule ulaini unapungua, basi ukiongea hazikutani vizuri, pengo linabaki katikati pumzi inavuja. Ndiyo maana wanaume wengi sauti inapanda uzeeni, ya kina mama inashuka hedhi ikishakoma. Kwangu mke ndiye anayeitwa afande kwenye simu siku hizi.

Shida ni kulazimisha pengo lizibe. Kuna bwana mmoja wa duka la dawa, koti jeupe, maneno matamu, akaniambia sauti ni mazoezi tu mzee, piga kelele itarudi, akaniuzia na antibiotiki juu, zikaisha akaniuzia nyingine. Basi kila asubuhi niko nyuma ya nyumba natoa amri kwa migomba, majirani wanajua mzee kachanganyikiwa, mishipa ya shingo imesimama, na nyuzi za mwanaume zinagongana mara 100 na zaidi kwa sekunde, sasa zigonganishe kwa nguvu uone. Kinyama kikaota kwenye uzi mmoja. Hela ya kukitoa ingeninunulia ng'ombe. Nikarudi kwa yule bwana kumlalamikia, ananiuliza bila aibu, ulimaliza dozi? Dozi ya nini wewe! Bakteria gani anakondesha msuli wa mzee??

Mululuza, yale majani machungu, na tangawizi nazo achana nazo, unachomeza kinapita njia ya chakula, nyuzi hakizigusi. Kunong'ona nako si kupumzisha, wengi wetu tukinong'ona tunakaza zaidi.

Sikia: mkwaruzo ukipita wiki 4, uchunguliwe koo kwa kamera KABLA hujanunua hata kidonge kimoja. Kama unavuta sigara, au unatema damu, au kumeza kunauma, hizo wiki usizingoje, saratani ya zoloto nayo inaanza na mkwaruzo huo huo na ikiwahiwa inatibika. Wanapitisha kakamera puani, unaambiwa sema "iii", dakika chache umemaliza. Hospitali ya Mulago kule Kampala wapo madaktari wa masikio, pua na koo, hapo kwenu uliza hospitali wakuandikie barua. Mimi baada ya hapo ndo nikafundishwa mazoezi yenyewe, ya polepole, unasukuma na pumzi sio na shingo.

Uliuliza na maikrofoni sijui na nini tena, nunua maikrofoni. Ila kamera kwanza, na adhana ya kesho alfajiri mwachie kijana wako.