Asilimia ya presha ya taifa, je, itufae kuagizia dawa za wilaya?

Swali: Niko ofisi ya afya ya wilaya, mashariki mwa Uganda. Utafiti wa STEPS wa 2014, uliopima taifa zima vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, ulikuta asilimia 26.4 ya watu wazima wana shinikizo la juu la damu. Je, nizidishe kwa idadi ya watu wazima wetu, kisha niagize dawa za hao wote?

Jibu: Zidisha, lakini usiagize dawa kwa hesabu hiyo. Utafiti ule ulipima watu 3,987 wa miaka 18 hadi 69. Ukiwagawa kwa wilaya zote, hata 40 kila moja hawafiki, kwa hiyo hausemi lolote la uhakika kuhusu wilaya moja. Shika kiwango cha kanda: mashariki nako ilikuwa 26.4, kaskazini 23.3, kati 28.5.

Tuseme mna watu wazima 100,000. Wenye presha ni kama 26,400. Sasa tazama takwimu ambayo wengi huiruka: kati ya waliokutwa na presha, asilimia 7.7 tu ndio walijijua. Kwenu hao ni kama 2,030. Waliobaki, zaidi ya 24,000, hawatakuja kuchukua dawa wasizojua kwamba wanazihitaji, na vidonge vitaisha muda vikiwa stoo. Ndiyo maana naomba fedha za kwanza ziende kwenye upimaji.

Nunueni mashine za kupimia presha pamoja na mikanda ya saizi mbili au tatu. Mkanda wa mkono wenye mzingo wa sentimita 22 hadi 32 ukifungwa kwenye mkono wa mzingo wa sentimita 36 hupandisha kipimo, na mtu mwenye afya njema anaandikiwa dawa asizohitaji. Mpimwaji apumzike kwanza, mgongo umeegemea, mkono uwe usawa wa moyo, asiongee. Pimeni mara tatu, mchukue wastani wa mbili za mwisho.

Utafiti ulipima siku moja tu. Kliniki irudie siku nyingine kabla ya kuthibitisha kwamba mtu ana 140/90 au zaidi, yaani presha ya juu. Baadhi watashuka. Ila aliye juu sana asisubirishwe.

Dawa ziagizwe kwa daftari la kliniki. Wagonjwa 900 wanaorudi, amlodipini (dawa ya presha) ya miligramu 5 kidonge kimoja kwa siku, ni vidonge 54,000 kwa mzunguko wa kuagiza wa miezi miwili. Ongezeni wapya waliothibitishwa mzunguko uliopita, na mhesabu kando wanaotumia dawa mbili.