Maswali ya wasomaji: Kutafiti dhamana maktabani

SWALI: Naandika utafiti wa stashahada kuhusu makosa yasiyo na dhamana Tanzania. Maktabani nimeoneshwa rafu nzima ya sheria, sijui nianzie wapi. Na "[1993] TLR 22" husomwaje? – Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Anza na sheria yenyewe, kesi zifuate. Fungua Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Katika Toleo la 2019, orodha unayoitafuta imo kifungu cha 148(5). Kabla ya kunakili chochote, tazama jalada ni toleo la mwaka gani, kwa kuwa matoleo ya zamani na mapya huwekwa rafu moja na namba za vifungu huweza kuhama. Andika sura, kifungu na toleo pamoja kila mara. Kisha mwombe mkutubi sheria za marekebisho zilizotoka baada ya toleo hilo. Wengi hukwama hapa: wananukuu maneno yaliyokwisha kufutwa.

Rejea uliyoitaja inakupeleka kwenye juzuu ya 1993 ya Tanzania Law Reports, ukurasa wa 22, kesi ya Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya Daudi Pete. Sasa tazama tarehe ya hukumu: ni 1991. Mwaka wa kwenye mabano ni wa juzuu, kwa hiyo usiandike kwamba Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1993.

Tena usitosheke na hukumu moja. Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 148(5) kinakiuka Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Aliyesoma ya Mei peke yake atajenga sura nzima juu ya hukumu iliyokwisha kufa. Ingia TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ni bure, tafuta kwa namba ya kifungu, usome hukumu za karibuni kwanza.

SWALI: Takwimu za polisi haziwiani na za magereza. Zipi za kweli?

JIBU: Zote zaweza kuwa sahihi. Polisi huhesabu matukio yaliyoripotiwa, mahakama huhesabu mashauri, magereza huhesabu watu. Unyang'anyi mmoja waweza kuwa shauri moja lenye washtakiwa wanne. Kwa mada ya dhamana, chukua safu ya mahabusu, uiache ya wafungwa, na usome maelezo ya chini ya jedwali: je, ni waliokuwamo siku moja, au walioingia mwaka mzima? Hesabu hizo mbili haziwekwi kwenye jedwali moja.