Kwa vijana mnaotaka kuzunguka vijijini na maonyesho

Vijana kadhaa wa Malindi mjini huniuliza wanunue projekta gani ili waanze kuzunguka vijijini na michezo na filamu. Hamu hiyo inanifurahisha kwa dhati, maana Chakama, Langobaya na Garashi hawafikiwi na burudani nyingi zaidi ya redio na simu. Lakini projekta ni jambo la mwisho. La kwanza ni kujua mnawapelekea watu swali gani, na nani huko atawapokea.

Kazi hii si ngeni kwetu. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alizunguka vijiji vya Wagiriama na ngoma ya kifudu. Watu walikuja kucheza, wakaondoka wamekubaliana kwamba Waingereza hawatapewa vijana wa kwenda kufanya kazi zao. Baadaye, wazee wetu waliona magari ya sinema ya serikali: kitambaa cheupe uwanjani, kijiji kizima kimeketi mchangani. Gari lilisema, watu wakasikiliza, likaondoka. Kifudu kilichezwa na wenyewe. Mimi niko upande wa kifudu, na nawaomba nanyi muwe huko.

Basi mchezo wenu usiende na jibu. Chukueni jambo linalowauma watu wa pale, lipelekeni mpaka kwenye kilele, mliachie hapo. Mathalan mimba ya msichana wa shule, na wazee wanaotaka mambo yamalizwe nyumbani. Baba Kadzo, baba wa msichana huyo, ameketi chini ya mwembe, upande wa kijana umekuja na bahasha ya pesa, mkono wa baba umeanza kunyooka. Simamisheni hapo hapo. Waigizaji wagande, mkono ukiwa hewani. Mwongozaji awageukie watu aulize, "Jamani, Baba Kadzo afanye nini?" Kisha anyamaze.

Kunyamaza huko ndiko kunakowashinda wengi wanaoanza. Wanaogopa kimya, wanajijibu wenyewe, na mjadala unafia hapo. Ngojeni. Wa kwanza kusema mara nyingi ni mwanamume aliyezoea mabaraza ya chifu, naye atasema bahasha ichukuliwe na msichana aolewe. Msimkosoe. Mwombeni aingie uwanjani ashike nafasi ya Baba Kadzo, aigize vile anavyosema. Akishaingia, wengine nao watainuka. Nimemwona nyanya mmoja akisimama na fimbo yake, akaenda kukaa pale pa mke, akamwuliza yule "mumewe": "Baba Kadzo, pesa hii ikiisha, huyu mtoto utamlisha bahasha?" Uwanja mzima ulipiga kelele, na waliobishana baada ya hapo walibishana wao kwa wao, si na sisi. Hakuna mstari wa kuandikwa mezani ungefanya kazi ile.

Njia hii ya kusimamisha mchezo na kumwingiza mtazamaji ilienezwa na Augusto Boal wa Brazil tangu miaka ya 1970, na vikundi vingi vya Kenya vinaitumia. Kwetu haihitaji kufundishwa sana, kwa sababu watu waliolelewa kwenye ngoma za kuitikiana hawaoni ajabu kuingia katikati.

Kutokuwa na jibu, hata hivyo, hakumaanishi kutojua sheria. Chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, kumwingilia aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, na bahasha ya chini ya mwembe haiwezi kulifuta. Semeni hivyo waziwazi mwishoni, baada ya watu kubishana, na mtaje namba 116 ya kusaidia watoto, ambayo kuipiga ni bure. Mkiweza, nendeni na afisa wa watoto au muuguzi. Tena msikimbilie kukunja nyaya. Mwenye tatizo la kweli hasemi mbele ya watu. Huja wakati viti vinarudishwa, anajifanya anasaidia kubeba. Mwekeni mwenzenu mmoja, ikiwezekana mwanamke, akae pembeni bila kazi nyingine yoyote.

Mazungumzo yawe ya Kigiriama mnapokwenda kwa Wagiriama. Kiswahili cha mjini kitaeleweka, lakini wazee watakaa kimya kwa kuona haya. Na kikundi cha ngoma cha hapo kifungue shughuli kwa ngoma ya mwanzele, kilipwe kama mnavyolipana ninyi. Ikiwa bajeti haitoshi, punguzeni mafuta na mabango kabla ya kugusa malipo yao.

Ruhusa msiidharau. Onaneni na mzee wa kijiji, kisha chifu. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mkutano wa hadhara utolewe notisi kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla, na kwa kuwa kwenu kuna mjadala, bora mjihesabu humo. Filamu iwe imepitiwa na bodi ya filamu, KFCB. Mkisikia chifu anasita kuhusu usiku, muelewe: disko matanga, yaani disko za usiku kwenye misiba, zimeumiza wasichana wengi Kilifi, na muziki wowote wa gizani unamkumbusha hizo. Fanyeni mchezo saa tisa alasiri, watu warudi kwao kukiwa na mwanga. Filamu ikiwa lazima, saa moja usiku giza limeshatanda, basi anzeni hapo na mfunge mapema.

Vifaa ni vichache. Jenereta ikae mbali, upande ambao upepo unapeleka moshi na kelele nje ya watu. Waya mrefu uwe mnene, la sivyo umeme unafika umepungua. Wadudu hufuata taa ya projekta, kwa hiyo washeni balbu nyingine mbali kidogo iwavute.

Msipange ziara za masika kwa barabara za udongo. Na kabla hamjaondoka, wekeni tarehe ya kurudi kijiji hicho hicho. Vijiji vitatu vinavyorudiwa navipenda kuliko ishirini vya kupitia mara moja. Mara ya pili mwombeni yule nyanya, na yule mwanamume wa bahasha pia, watunge mchezo unaofuata, ninyi mkae mchangani na watu.